Mikono Sitini ya Kushoto

Debe ameniibia vitu vingi tangu ujana wetu. Ameniibia chaki, sindano, kitana, na safari moja viatu, akavirudisha vimepanuka mpaka vikanikataa mimi mwenyewe. Yote hayo nilimsamehe. Lakini Jumamosi iliyopita, nyumbani kwake, mbele ya wanafunzi wangu wanne ninaowafundisha ushonaji, aliniibia kitu ambacho sikujua kwamba mtu anaweza kuibiwa, na aliniibia huku ananipakulia chakula.

Alikuwa anasimulia hadithi ya mikono sitini. Anaisimulia kila tunapokutana. Ina miaka ishirini na sita sasa na kila mwaka inaongezwa chumvi. Mimi huwa nakaa kimya, natazama sahani yangu, nasubiri ipite. Na safari hii ningeikalia kimya vilevile kama asingefika pale kwenye Rula, maana Rula ndiye mimi, akasema:

"Sisi tunakufa kwa kicheko, na Rula kasimama pembeni kanuna, mikono kifuani, utadhani kalishwa ndimu."

Wanafunzi wangu walicheka kwa adabu, wakanitupia jicho. Waliamini. Na kwa nini wasiamini? Kwenye karakana yangu kuna kibao nilichokiandika kwa mkono wangu: HAKUNA REDIO, HAKUNA SOGA, HAKUNA MCHEZO MEZANI.

Sikununa. Nataka hilo lieleweke kabla sijaenda mbali. Kuna mambo ya siku ile ambayo nayaonea aibu, na nitayasema, lakini kununa hakumo.

Tulikuwa watatu, wa umri wa miaka kumi na tisa hadi ishirini na moja, tunajifunza kazi kwa Mama Futi. Tulimwita hivyo kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Tulikuwa tunasema anaoga nayo. Karakana yake ilikuwa ghorofani, juu ya kinyozi. Unapanda ngazi kumi na saba, unaingia chumba kimoja kirefu chenye cherehani tatu dirishani, meza ya kukatia katikati, na nyuma mlango mdogo wa kutokea kwenye paa la saruji lenye bomba la maji na kamba za kuanikia.

Debe tulimwita Debe kwa sababu ya ile methali, debe tupu haliachi kuvuma. Alikuwa msichana anayeongea akishona, anaongea akila, na nina hakika alikuwa anaongea akimeza maji. Mishono yake ilikwenda kombo kama njia ya mlevi. Mlingoti alikuwa kijana mrefu asiyesema, fundi wa pasi. Ukimpa shati lililokunjamana anakurudishia kama limetoka dukani, na ukimuuliza ameliwezaje anakuonyesha pasi. Mimi ndiye niliyependa mistari inyooke. Nilikuwa hodari, na sioni haya kusema hivyo.

Mwezi ule Mama Futi alikuwa ametutangazia kwamba mafunzo yakiisha atabaki na mmoja tu. Wenzangu walilipokea jambo lile kama habari ya mvua. Mimi sikulala. Baba alikuwa ameshazungumza na shangazi yangu, mwenye duka la misumari na mabati huko mbali, na shangazi alikuwa ameshanitandikia kitanda. Nikikosa nafasi kwa Mama Futi, nakwenda kuhesabu misumari mpaka niolewe. Baba alisema hivyo huku anatabasamu, anadhani ananipa habari njema.

Sasa, Alhamisi moja, saa mbili asubuhi, Mama Futi aliitwa hospitali. Mdogo wake alikuwa anafanyiwa upasuaji. Na mezani palikuwa na kazi ya chuo cha wauguzi: makoti meupe thelathini, ya wanafunzi wa kuanza wodini Jumatatu. Miili ya makoti ilikuwa imekamilika. Ilibaki mikono tu, kukata na kuunga. Metroni wa chuo angekuja kuyachukua saa kumi na moja jioni. Kitambaa kilikuwa cha chuo chenyewe, walikileta jora zima, na kwingine hakipatikani.

Mama Futi alivua mkasi mkubwa kwenye msumari wake. Mkasi ule hakuna mwanafunzi aliyewahi kuushika. Akaniwekea mkononi, wenzangu wanatazama.

"Wewe ndiye macho yangu leo," akaniambia. "Unakumbuka kutandaza?"

"Uso kwa uso, Mama."

"Kwa nini?"

Nikamjibu kama alivyotufundisha. Kitambaa kina uso na mgongo. Ukikata mikono mingi kwa pamoja, unatandaza tabaka moja uso juu, la pili uso chini, hivyo hivyo mpaka mwisho, ili kila mkono wa kushoto upate mwenzake wa kulia. Yeye alikuwa na msemo wake: "Zilaze kama watu waliopatana. Ukizilaza zote zinatazama dari, umelaza wagonjwa wodini."

Akaniitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi zote kumi na saba, na nilijua kabisa ile nafasi ni yangu.

Kilichofuata ni kosa la gauni. Nasema gauni kwa sababu nikisema Debe atasema namsingizia.

Palikuwa na gauni la mwalimu mkuu wa shule ya jirani, la kitambaa kizito cha zambarau, limeletwa kupunguzwa kiuno. Mimi nipo mezani naanza kutandaza, nageuka, namkuta Mlingoti amelivaa. Mtu ambaye kwa mwaka mzima hakuwa amesema maneno mia. Gauni limemfika magotini, vidole vya miguu vinachungulia kwenye kandambili, na amekunja uso vilevile kama yule mama, nyusi moja juu.

"Nani hajachana nywele?" akauliza, kwa sauti ya mwalimu mkuu mwenyewe.

Debe alipiga magoti kwenye sakafu. Kile kiredio chake, ambacho kilikuwa kinashika stesheni moja na hiyo kwa kubembelezwa, kikaanza muziki papo hapo. Mwalimu mkuu akatukagua kucha. Mwalimu mkuu akampa Debe adhabu ya kusimama kwa mguu mmoja kwa kosa la kuwa mfupi. Redio ikakatika, Debe akaendeleza wimbo kwa mdomo, akaongeza na matangazo ya vifo vya watu walio hai, akiwemo yeye mwenyewe, "aliyefariki kwa kazi nyingi." Mwalimu mkuu akaja mezani, akanitazama, akasema kwa huzuni kubwa, "Wewe, Rula. Mistari yako imenyooka mno. Kamwite mzazi."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Machozi yananitoka, mbavu zinauma, na mikono yangu inaendelea kutandaza kitambaa, maana mikono yangu ilikuwa hodari na haikuhitaji kichwa. Navuta jora, nakata, narudi mwanzo wa meza, navuta tena. Tabaka kumi. Nikaweka pateni ya karatasi ngumu, nikachora mikono sita, nikashika mkasi mkubwa kwa mikono miwili nikakata, na ulikata vizuri ajabu. Kila mkono nikautia vikato vyangu viwili vidogo juu begani. Wengine hutia kimoja. Mimi hutia viwili, ni mazoea.

Saa nne, Mlingoti, aliyekuwa amerudi kwenye suruali yake, aliunga mkono wa kwanza kwenye koti. Ukakaa. Akachukua wa pili. Akaugeuza. Akaugeuza tena. Akachukua mwingine, na mwingine, halafu akaushikiza mmoja kuliani, akalivaa koti na kuja kusimama mbele yangu bila neno. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala vizuri. Wa kulia ulikuwa umejisokota, begani umejaa pasipotakiwa, kiwiko kinataka kutazama kisogoni.

Nikakimbilia kwenye rundo. Wa kushoto. Wa kushoto. Wa kushoto. Nilikuwa nimelaza wagonjwa wodini, tabaka kumi zinatazama dari. Mikono sitini, yote ya kushoto, na jora limebaki kipande cha kushonea leso.

Debe alinitazama mimi, akatazama rundo, akamtazama Mlingoti alivyosokoteka ndani ya koti, akaanguka chini kwa kicheko. Naapa nilitaka kumpiga kwa rula. Nilikaa sakafuni nikalia. Niliona kile kitanda cha shangazi. Niliona misumari, ya inchi mbili, ya inchi tatu.

"Usilie," Debe akasema, bado anahema. "Tuwatafute wauguzi wenye mikono miwili ya kushoto. Wapo. Mmoja alinichoma sindano."

Aliyetuokoa ni Mlingoti. Alichukua mkono mmoja, akaugeuza ndani nje, akauweka upande wa kulia wa koti. Ukakaa kama umezaliwa pale. Bila shaka. Mkono wa kushoto ukiugeuza ni wa kulia, hata mtoto anajua, ila tulikuwa tumesahau kwa sababu kitambaa kile usoni kilikuwa na mng'ao wa kiwandani na mgongoni kilikuwa kimefifia. Koti lingekuwa na mkono mmoja unaong'aa na mmoja wa mwenye njaa.

"Mng'ao unatoka ukifuliwa," Mlingoti akasema. Yale yalikuwa maneno yake mengi ya mwezi ule, ukiacha ya mwalimu mkuu.

"Mikono tu?" nikauliza.

"Vyote. Viwe sawa."

Kufua makoti thelathini mapya kabla hayajavaliwa. Kitambaa kingerudi, yaani kingejikunja na kuwa kifupi. Tungelazimika kufungua mapindo ya chini yote na kuyashusha vidole viwili. Nikasema haiwezekani. Nikasema ni wendawazimu. Nikasema mimi ndiye macho ya Mama Futi na macho hayafui nguo. Wakati nasema hayo wenzangu walikuwa wameshatoka paani na makarai.

Na hapa ndipo Debe ananiweka pembeni nimenuna.

Jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa unavuma, kama vile tumeviagiza. Walijaza makarai matatu na lile beseni kubwa la bati. Mlingoti alikunja suruali akaingia kwenye beseni na kuanza kukanyaga makoti kwa miguu yake mirefu, polepole, kama ndege wa ziwani. Debe akaingia naye, wakashikana mabega, beseni likalia. Mimi nilisimama mlangoni kidogo. Kidogo tu, kama pumzi tano. Halafu nilivua viatu.

Nilivua viatu, nikaingia ndani ya beseni. Maji yalikuwa ya baridi na povu lilinifika magotini. Debe alinivuta, nikateleza, nikakaa kitako juu ya makoti ya wauguzi kumi, nikalowa mpaka kiunoni, na nilicheka tena, vibaya kuliko mara ya kwanza, kicheko cha mtu ambaye maisha yake yamekwisha na ameona hayakuwa na uzito aliodhani. Tulikanyaga. Tuliimba nyimbo tusizozijua maneno. Tulianika mikono sitini kwenye kamba, na upepo ulipoijaza, yote ikaanza kutupungia. Debe naye akaipungia. Akaanza kuijibu, mmoja mmoja, "Hujambo mama, hujambo baba, wewe sikujui," na Mlingoti, nashuhudia, alilala chali kwenye saruji akashindwa kuinuka.

Mmoja ulichomoka ukaruka. Tulihesabu hamsini na tisa mara tatu. Baadaye tulisikia hatua kwenye ngazi, kinyozi wa chini akatokea na mkono wetu kwapani.

"Umemwangukia mteja usoni," akasema. "Akadhani ni taulo. Nimemfutia shingo. Ni wa nani?"

Tuliufua mara ya pili. Kinyozi alisimama akatutazama jinsi tulivyokuwa, watu wazima watatu tuliolowa chapachapa, akatikisa kichwa, na alipokuwa anashuka tukasikia na yeye anacheka peke yake.

Kuanzia saa saba tulishona kama watu wanaofukuzwa. Debe alifumua mapindo, mimi niliunga mikono, Mlingoti alikuwa na pasi mbili za mkaa, moja inafanya kazi, moja inapata moto. Saa kumi na nusu koti la thelathini lilikunjwa. Yalikuwa yamepoteza mng'ao, yote sawa, laini. Nilikuwa nimechoka mpaka meno, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niiseme vipi. Sijaipata tena. Nimeshona mengi tangu siku ile, nimefungua karakana yangu, nimezaa na kulea, na hiyo furaha ya kukaa kitako ndani ya beseni sijaipata tena.

Metroni na Mama Futi walifika pamoja. Metroni aliyashika, akayasugua kwa kidole gumba, akasema ni mara ya kwanza chuo kupata makoti yasiyokwaruza shingo. Akayabeba akaenda. Isipokuwa moja, ambalo Mama Futi alikuwa amelichukua mkononi tangu anaingia, akalibakiza kidogo kwa kisingizio cha uzi. Aliligeuza ndani nje. Akachungulia mshono wa bega la kulia. Akachungulia kwa muda. Halafu alilikunja, akamkimbilia metroni, akarudi.

"Nani alitandaza?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi yangu, niliufungua. Lakini mdomo wangu ulikuwa na kitanda cha shangazi ndani yake, ukachelewa kwa pumzi moja, na katika pumzi hiyo Debe akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai:

"Mimi, Mama. Rula alikwenda chooni, nikachukua mkasi. Kiherehere changu."

Mama Futi akanigeukia. Alinitazama. Nami niliufunga mdomo.

Debe aliondoka siku hiyo hiyo. Mwisho wa mwezi mimi nilibaki. Mlingoti akaenda kufungua dobi lake, na baadaye wakaoana, yeye na Debe, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu isipokuwa wao. Debe akaanza kuuza vitambaa sokoni, na hapo mdomo wake ukapata kazi. Hakuwahi kunilaumu. Aligeuza kosa langu kuwa hadithi yake, akazunguka nayo mji mzima: jinsi alivyokata mikono sitini ya kushoto akafukuzwa. Watu walimpenda kwa hilo. Wateja walikwenda kwenye kibanda chake kuisikia. Nami kila aliposimulia nilikuwa natazama sahani.

Sasa mnaelewa Jumamosi ilivyokuwa. Alipofika kwenye ndimu, niliweka kijiko chini.

"Sikununa," nikasema.

 Debe akanikazia jicho, la kuniambia niache.

"Sikununa. Niliingia kwenye beseni. Nilicheka kuliko ninyi wote. Kwa nini kila mwaka unanitoa kwenye beseni?"

"Rula, kula."

"Sili. Nijibu."

Debe akaweka upawa chini. "Ulitaka nisemeje? Niseme ulikuwa unacheka tangu asubuhi? Mtu akiniuliza, je, wakati Rula anacheka vile nani alikuwa anatandaza, nitamjibu nini? Kicheko chako na kosa lako ni kitambaa kimoja, mwenzangu. Ukitaka kicheko, chukua na kosa."

Niliwatazama wanafunzi wangu. Wanne, vijiko vimesimama hewani. Miaka ishirini na sita nilikuwa naogopa nyuso kama hizo.

"Nilitandaza mimi," nikasema. "Nilikata mimi. Akajitaja yeye, nami nikanyamaza, akafukuzwa."

Nilitegemea Debe atanikumbatia, au angalau machozi yatamlengalenga. Badala yake alikasirika. Alikasirika kweli, shingo ikamvimba.

"Umeona sasa," akamwambia mumewe. "Umeona alichofanya? Hadithi yangu. Nimeilea mwenyewe tangu ikiwa changa, leo anakuja kuichukua ikiwa imeota meno." Kisha akanigeukia. "Na usijione umetuambia jipya. Mama Futi alijua."

"Alijua nini?"

"Vikato viwili, Rula. Nani mwingine alikuwa anatia viwili? Alijua kabla hajauliza. Alinifuata kwenye ngazi akaniambia, najua si wewe. Nikamwambia, Mama, mimi kushona sikupendi wala hakunipendi, na huyu ukimwacha atakwenda kufia kwenye misumari. Mwache. Akasema sawa, lakini angependa ungekuwa umejisemea mwenyewe."

 Nilikumbuka kwamba baada ya siku ile Mama Futi hakunipa mkasi mkubwa kwa mwaka mzima na miezi niliyobaki kwake. Ulikaa kwenye msumari wake, nami nikatumia mdogo, na sikuthubutu kuuliza. Kumbe kila asubuhi alikuwa ananisubiri. Mpaka anazikwa alikuwa bado ananisubiri.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Wanawake wawili walisimama kwenye ngazi wakanisamehe bila kuniuliza, wakapanga maisha yangu kama ya mtoto anayefungwa kamba za viatu, na mmoja wao akaenda kaburini bila hata kunigombeza. Nikasema hayo yote, kwa sauti. Nikasema hawakuwa na haki. Nikasema msamaha usiouomba ni deni usilojua unadaiwa na nani. Debe akanijibu kwamba kama nimemaliza kuhutubia, wali unapoa. Mlingoti, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu tuketi, alinisogezea glasi ya maji.

Na mdogo kuliko wote katika wanafunzi wangu, msichana ambaye nimeshamgombeza mara nyingi kwa kuimba kazini, akauliza polepole:

"Kwa hiyo, Mwalimu, siku ile ulicheka kweli?"

Niliwatazama wote wanne. Hawakuwa wanashangaa kwamba nilikosea kutandaza. Hawakuwa wanashangaa hata kwamba nilimwacha mwenzangu afukuzwe kwa kosa langu. Yote hayo waliyapokea kama wali. Walichoshindwa kukiamini ni kwamba niliwahi kucheka.

 Debe ndiye aliyejibu.

"Mpaka akakaa kitako," akasema, bado amekasirika. "Ndani ya povu. Muulizeni huyu." Mlingoti akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu nilichelewa kwa makusudi. Nilikuwa sitaki kuwatazama usoni. Karakana yangu nayo ni ya ghorofani, na nilipofika ngazi za juu nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kikitoka kwenye ule mlango. Kulikuwa na redio, ya simu ya mmoja wao. Kulikuwa na sauti inayoigiza sauti nyingine, kali, yenye kukatakata maneno, "Mstari huo unakwenda wapi? Umeuaga nyumbani?" Ilikuwa sauti yangu, na naungama kwamba ilipatikana vizuri sana. Wenzake walikuwa wanacheka mpaka wanagonga meza.

Kiatu changu kikagonga ngazi. Redio ikazimwa. Kila kitu kikazimwa, nikasikia mtu anaburuta stuli, mtu anakohoa, kitambaa kinavutwa mezani.

Nilisimama pale nimekasirika. Halafu nilivua viatu, nikavishika mkononi, nikashuka ngazi tatu kimyakimya na kukaa, nikasubiri waanze tena. Walichelewa sana kuanza, watoto wale.